Inafaa kwa Batoto Bote

Weye, mutoto yako akiitwa na muntu asiyemuona, umemufundisha ajibu nini?

Fikiri muzuri mbele ya kujibu. Hapa Kamina, kwenye familia yenye heshima, mutoto akisikia jina lake anapiga makofi mawili polepole, anainama kidogo, anasema: «Eyo, vidye», kwa Kiluba, ndiyo mukubwa. Njo malezi. Mutoto asiyejibu bakubwa ni mutoto wa pori, na mama yake atasemwa mpaka kwenye foleni ya maji. Lakini hakuna anayemwambia mutoto aangalie kwanza kama huyo mukubwa iko na uso.

Chancelvie alipashwa kujua mambo hayo kuliko bote, juu iko na licence ya psychologie. Miaka sita ile diplôme imelala ndani ya plastique chini ya godoro, kati ya mende na mikojo ya batoto ba dada yake, na hakuna bureau hata moja ya muji iliyomuuliza kama inasema nini. Kwa hiyo siku Papa Kayembe alipomwita kwenye salle ya paroisse, alivaa viatu vyake vya pekee visivyotoboka.

«Mademoiselle la psychologue,» alisema Papa Kayembe, président wa commission ya sinema, akimupima toka miguu mpaka kichwa kama mbuzi wa soko. «Tunatafuta muntu wa masomo. Tuangalie filamu mbele batoto hawajaiona, tuseme kama inaogopesha ao hapana. Ukitumika muzuri, minyi mwenyewe nitasema kwa bapadri bakuweke encadreuse, mulezi wa batoto ba paroisse, na mushahara.»

Encadreuse! Neno hilo lilimushuka Chancelvie tumboni kama bukari ya moto kwa muntu aliyelala njaa.

Commission ilikuwa na bantu batatu. Président Kayembe na tumbo yake. Madame Albertine, bibi ya adjudant wa kule base ya basoda, aliyeleta projecteur na clé USB, na asiyekumbuka tena nani alimupa ile clé. Na Chancelvie, wa tatu, wa kupamba karatasi kwa diplôme yake.

Ilikuwa saa nane ya mchana. Mablanketi yalifungwa kwenye madirisha, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani. Mbele machine haijawashwa, Chancelvie aliona doa la maji juu ya shuka, ukubwa wa sahani, kwa urefu wa uso wa mutoto mudogo. Akaligusa. Lilikuwa baridi, lenye utelezi wa ngozi ya kambale, na vidole vikamunukia tope la ziwa Kisale, ile harufu inayobaki Kinkondja mahali bantu bametupa matumbo ya samaki na jua limeyapiga siku tatu.

«Papa Kayembe, hii shuka imelowana.»

«Njo mvua.»

«Mvua haijanyesha tangu juzi.»

«Basi njo makayabo yangu.» Akafungua karatasi ya samaki wa chumvi juu ya magoti, akaanza kutafuna mudomo wazi. «Haya, Madame Albertine, washa. Karatasi minyi nilishaiandika, pour gagner du temps, tusipoteze saa.»

Kweli, ilikuwa imeandikwa. *Inafaa kwa batoto bote.* Signature ya président chini yake, na alama ya kidole cha mafuta pembeni. Filamu haijaanza.

Ilikuwa dessin animé, filamu ya michoro, ya luga isiyojulikana. Rangi nzuri, lazima kusema kweli. Mutoto wa macho makubwa anaishi karibu na ziwa, anacheza na bata. Halafu, ndani ya maji, mwanamuke wa nywele ndefu anaanza kuita. Haonekani uso. Anaita jina, halafu kunakuwa kimya. Anaita jina lingine, halafu kimya. Hakuna muziki pale, hakuna bata, hakuna upepo. Ni kimya tu, chenye ukubwa kamili wa jibu.

Chancelvie alitaka kuona kama benzake bamesikia. Akageuka. Président alikuwa amelala, taya imeanguka, kipande cha makayabo kinaning'inia kwenye jino. Madame Albertine alikuwa anacheka peke yake mu telefone.

Taa ilipowashwa, Chancelvie alisema: «Hii hapana. Si ya badogo. Muangalie vile inaita, inaacha nafasi. Mutoto wa miaka tano ataingia ndani ya ile nafasi.»

Papa Kayembe akaamuka, akajipangusa mate. «Inaogopesha nini? Rangi? Dessin animé ni ya batoto, haiko? Juu ya nini banaitengeneza na bata?»

«Ulilala, papa.»

«Nililala na jicho moja.»

«Yaya Chancelvie,» Madame Albertine alisema bila kuinua macho, «batoto ba siku hizi habaogopi kitu. Bangu kule base banalala na mulio wa masasi. Signe, tuende.»

«Na encadreuse, je?» Papa Kayembe aliuliza kwa sauti ya chini, yenye chumvi. «Encadreuse ni muntu mwenye esprit d'équipe.»

Mademoiselle la psychologue akachukua bic, akaweka signature yake kando ya alama ya mafuta. Akatoka nje, akatema mate. Mudomo ulikuwa na ladha ya tope.

Jumamosi salle ilijaa. Batoto bakakaa chini kwenye mikeka, badogo mbele. Kati yao alikuwa Mira, mutoto wa miaka tano wa Gisèle, dada ya Chancelvie, kanzu ya njano, nywele zimesukwa kwa uzi. Chancelvie alipewa micro ageuze picha kuwa maneno ya Swahili, juu ile luga hakuna aliyeijua. Aligeuza bata, aligeuza mama na uji wake, na batoto bakacheka. Ziwa lilipokaribia, alizima micro. Alijisemea ndani ya moyo, hapa sitageuza kitu, ipite tu.

Sauti ikatoka bila micro. Haikutoka kwenye baffle ya sauti iliyokuwa nyuma ya salle, ilitoka kwenye shuka, pale pale kwenye doa, na haikuwa tena luga isiyojulikana, ilikuwa Kiluba cha kizee, cha muntu mwenye maji kooni, na ilisema jina moja tu, polepole, kama nyanya anayeita mujukuu kwenye mulango wa jikoni.

«Mira.»

Halafu kimya.

Kwa batoto mia moja na zaidi hakukusikika hata kikohozi. Na Mira, mutoto wa malezi, mutoto asiyemuaibisha mama yake, akasimama, akapiga makofi mawili, akainama.

«Eyo, vidye.»

Shuka ikavimba. Ikavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekufa, ikasukuma mbele doa lake mpaka likagusa paji la mutoto, kidogo tu, kama busu, halafu ikarudi kuwa shuka, na bata bakarudi kuimba, na harufu ya matumbo ya samaki ikaanguka juu ya salle nzima nzito kiasi kwamba batoto bakatapika juu ya mikeka, mumoja juu ya mwingine, huku Papa Kayembe anapiga kelele mulangoni: «Nani aliwapa batoto mihogo mibaya?»

Tangu siku ile, Mira alijibu.

Alijibu mchana, jua kichwani, pasipo muntu kumuita. Akiwa anaosha sahani anaziacha, makofi mawili, «Eyo, vidye.» Akiwa anakula, vile vile. Na kila akijibu, kitu kinatoka mudomoni: mara ya kwanza maji meusi ya kijiko kimoja, mara ya pili magamba ya samaki yaliyoshikamana na ute, mara ya tatu unywele, na Gisèle akaushika kwa vidole viwili akauvuta, akavuta, akavuta, unakuja mulefu, mweusi, wenye utelezi, unazunguka mukono wake mara nane na bado haujafika mwisho, na mutoto hakulia, alimuangalia tu mama yake kwa macho makubwa, makubwa kuliko yale aliyozaliwa nayo.

Na sauti yake ilikuwa inapunguka. Kila jibu linaondoka na kipande. Siku ya nne alikuwa anaita «mama» kama muntu anayeitia chini ya ndoo.

«Ulisema inafaa,» Gisèle alimunong'oneza Chancelvie, bila hasira, na njo ile ilimuumiza zaidi. «Mudogo wangu iko na masomo. Nilisema, kama yeye alitia signature, nimupeleke mutoto.»

Bakamupeleka kwa Mama Nyembo, muganga. Jumapili Mama Nyembo anaimbaka kwenye chorale, safu ya mbele, foulard nyeupe; Jumatatu bale bale banaomusalimia kidogo pale kanisani banaingilia kwake mulango wa nyuma. Alimunusa Mira kichwani, akajipangusa pua kwa chuki.

«Jini wa maji. Muchafu, muzee, anakula sauti ya batoto. Lakini huyu havunjaka mulango. Alifunguliwa. Nani alisema batoto baangalie?»

«Commission,» Chancelvie alijibu.

«Commission iko na vinywa vingapi?»

«Vitatu.»

«Basi kila kinywa kilichosema eyo kikuye hapa kiseme hapana. Mbele ya mutoto. Kinajaza maji, kinatema, kinasema kweli ya vile kilifanya. Karatasi haitoshi, ata ukiichoma. Neno lilitoka kwa muntu, muntu njo analirudisha.»

«Na bakikataa?»

Mama Nyembo alikoroga mpemba, ule udongo mweupe, ndani ya bakuli ya émail. «Sauti ikiisha, mwenye kuita atakuya kuchukua mutoto mwenyewe, kupitia mulango ule uliobaki wazi.»

Chancelvie alianza. Alijaza mudomo maji ya mpemba, akatema miguuni pa Mira, akasema: «Niliona ile nafasi. Niliogopa. Nilitia signature juu nilitaka kazi. Hapana. Haifai.» Mutoto akapinda, akatapika ndoo nusu ya tope, ndani yake minyoo miyekundu inacheza. Halafu akavuta pumzi ndefu, na «mama» aliyoita ilisikika mpaka barabarani.

Madame Albertine alikuya siku ya pili, bila kuitwa mara mbili, wigi imekaa upande.

«Nzambe na ngai, Mungu wangu, telefone yangu inalowana,» alinong'ona. «Ninaipangusa, inalowana. Inanuka.» Akapiga magoti, akatema. «Minyi sikuangalia. Nilikuwa mu WhatsApp. Sikuangalia ata dakika tano. Hapana, haifai.»

Nywele zikatoka. Zote, kifundo kimoja kikubwa kama kichwa cha muntu, na Mama Nyembo akakitupa motoni, kikalia.

Kikabaki kinywa kimoja.

Chancelvie alienda kwa Papa Kayembe asubui, akaenda mchana, akaenda tena kesho yake. Mara ya kwanza président alimupokea kwenye barza, anakula.

«Mademoiselle, weye unatoka université, unaniletea mambo ya mpemba?»

«Papa, mutoto anakufa. Ni kusema tu: nililala.»

«Minyi niko président. Procédure ilifuatwa. Signatures tatu, cachet, byote biko. Nikisema nililala, kesho watasema nini? Commission ya usingizi?» Akacheka, na punje ya wali ikaruka ikamukaa Chancelvie kwenye shavu. «Na kwa faida yako, ile filamu iko muzuri. Ninaituma Bukama. Kule pia kuko batoto.»

Mara ya pili alifunga mulango wa nyumba. Mara ya tatu alifunga na portail, na jirani akasema amelala.

Kwa Mama Nyembo, Mira alikuwa amelazwa juu ya mukeka. Ngozi ya midomo ilikuwa inageuka ya kijivu, inabanduka kidogo kidogo kama ya samaki aliyekaa ndani ya maji ya moto. Yaliyotolewa na vinywa viwili yalikuwa yanarudi kupitia kile cha tatu kilichokataa, polepole, tone kwa tone. Saa sita ya mchana, jua katikati, kuku banachakura uani, Chancelvie aliona mikono midogo inainuka, inapiga makofi mawili yasiyo na mulio. Midomo ikafunguka. Hakuna sauti iliyotoka kwa mutoto. Lakini «Eyo, vidye» ilisikika, wazi kabisa, kwa sauti ya kanzu ya njano na nywele za uzi, sauti yake yenyewe. Ilitoka ndani ya ndoo ya maji pembeni ya ukuta, na juu ya maji yale kulikuwa na doa la utelezi, ukubwa wa sahani.

Gisèle akaipiga teke ndoo. Maji hayakumwagika mbio. Yalitambaa, yakashika njia ya kuelekea mukeka.

«Iko na jibu moja tu limebaki,» Mama Nyembo alisema, akamusukumia Chancelvie bakuli ya mpemba. «Moja.»

Chancelvie alikimbia. Alikimbia miguu wazi, viatu vya encadreuse vikabaki uani, bakuli ya mpemba imekumbatiwa kifuani inamumwagikia, nyuma yake Madame Albertine anahema, nyuma ya Madame Albertine bamama ba quartier, kumi, halafu makumi tatu, mumoja na mutoto mugongoni, mwingine na mikono ya unga. Bakafika kwenye portail ya chuma. Nyuma yake, ndani ya nyumba, kulikuwa na redio, na harufu ya makayabo yanayokaangwa.

Chancelvie alipiga chuma ile mpaka ngozi ya ngumi ikapasuka.

«Papa Kayembe! Niko najua hulali! Nimekunywa aibu yangu mbele ya mutoto, sikufa. Madame Albertine amekunywa yake, huyu hapa, yuko muzima. Yako ni neno moja: nililala. Na nyinyi bapadri muliomuweka, kokote muliko, nyinyi bachef ba quartier munaomupigia salut, musituletee réunion, musituletee rapport! Kuyeni mumushike mikono, mumutoe kwenye sahani yake, mumupeleke kwa mukeka wa Mira, afungue kile kinywa na aseme! Sasa! Papa Kayembe, fungua!»