Muhuri wa Ijumaa

Mzungu alikuwa amelala chali kitandani, shuka limevutwa hadi kifuani, nywele zimechanwa vizuri. Kwenye meza ndogo kulikuwa na glasi ya maji, karatasi tupu ya vidonge vya usingizi, na barua.

Inspekta Wichit wa kituo cha polisi cha Bang Saikeo alitazama saa yake. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, na shati lilikuwa limeshamganda mgongoni.

"Jina?"

"Halvard Brekke, afande," alisema Sajini Kanya. "Mnorwe. Miaka sabini na sita. Fundi mstaafu wa mitambo ya meli. Ameishi hapa miaka kumi na minne."

"Nani aliyemkuta?"

"Mwanamke anayeishi naye, Bi Ampai. Yuko jikoni."

Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu tu. Kanya, aliyesoma zaidi ya bosi wake na hakuchoka kumkumbusha, aliitafsiri palepale. "Wamekataa kuniongezea kibali cha kukaa. Siwezi kurudi kwetu. Asilaumiwe mtu." Chini yake palikuwa na sahihi na tarehe: 16/6/67.

"Jana," alisema Wichit, akaiandika tarehe hiyo kwenye daftari lake.

Huku kwetu kifo cha namna hii si kigeni. Wazee hawa wanakuja na pensheni zao na magoti mabovu, wanapenda jua, wanaipenda supu yetu mpaka wanatokwa na jasho, wanasema hapa ndipo watakapofia. Sawa. Lakini kila mwaka ofisi ya uhamiaji inataka wathibitishe upya kwamba wanafaa kuzeeka kwetu. Ilete barua ya benki. Ilete picha umesimama mbele ya mlango wako, namba ya nyumba ionekane. Toa nakala za pasipoti, kila ukurasa, na kila nakala utie sahihi. Akiba ya benki ikipungua hata kidogo chini ya kiwango, funga mizigo. Mimi ninayesimulia nimeona mzee wa miaka themanini akirudishwa nyumbani kwa sababu ametia sahihi kwa wino mweusi badala ya wa bluu, na ningekuwa na mamlaka ningemchapa mtu siku ile.

Bi Ampai alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko, sufuria ya uji wa mchele mbele yake, haijaguswa. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na minane, na mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mwanamume.

"Pole, dada," alisema Wichit.

"Ahsante."

"Mara ya mwisho ulimwona lini akiwa hai?"

"Jana mchana. Alikula, akalala. Jioni nilidhani bado amelala. Asubuhi nikaenda kumwamsha."

"Hukulala naye?"

"Tangu apate kiharusi nalala sebuleni. Akigeuka nasikia."

"Usiku kucha hukusikia kitu, na hukuenda kumwangalia?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Kibali kimekataliwa kweli?"

"Wakala wetu wa vibali alipiga simu Ijumaa jioni. Sakda. Alisema wamekataa, kibali kinaisha Jumatatu, yaani leo. Pasipoti iko kwake." Alifuta mikono kwenye sarong aliyojifunga kiunoni ingawa haikuwa na maji. "Kiharusi kilikula akiba yote, Inspekta. Hospitali wiki tatu. Nilienda na barua ya daktari, niliomba wampe hata miezi michache ya ugonjwa. Huko Norwe kuna mpwa wake, ameshanunua tiketi. Ilikuwa asafiri leo jioni."

"Kwa nini hamkuoana? Ingekuwa rahisi."

"Nina mume mkoani Buriram. Aliondoka mwaka wa arobaini na nane, talaka hajanipa mpaka leo. Nani ataenda kumtafuta?"

Wichit hakuandika hilo. Alitoka nje akamwambia Kanya kwamba faili litafungwa kabla ya chakula cha jioni.

Saa kumi simu ya ofisini ililia. Alikuwa mpwa, Torgeir, sauti nzito, anatafuna maneno. Kiingereza cha Wichit kilikuwa cha kuungaunga, na cha mwenzake hakikuwa bora sana, kwa hiyo walielewana.

"Nimeiona picha ya barua mliyonitumia," alisema Torgeir. "Nilimtafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Nilingoja mwaka mzima kwenye foleni. Dirisha linaangalia bahari. Sikutaka kumlazimisha, lakini ningefanya nini? Yuko peke yake."

"Hakuwa peke yake."

"Ndiyo, najua. Yule mama. Samahani, Inspekta. Kuna kitu sikielewi. Sitini na saba ni nini?"

"Wapi?"

"Kwenye barua. Tarehe kumi na sita, mwezi wa sita, sitini na saba."

"Ni mwaka," alisema Wichit. "Sisi tunahesabu tangu Bwana Buddha. Kwetu huu ni elfu mbili mia tano sitini na saba."

"Sawa. Lakini mjomba wangu hakuwahi kuandika hivyo. Hata kadi za Krismasi za mwaka jana aliandika ishirini na tatu kama sisi."

Wichit alilifungua daftari lake. 16/6/67, kwa mwandiko wake mwenyewe. Aliisoma tarehe ile mara tatu siku nzima na jicho lake likaipita kama mlango wa nyumbani kwake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Sajini," aliita. "Nani kwenye nyumba ile angeandika sitini na saba?"

Kanya alikuja mbio, akatazama, akashika kiuno. "Mimi. Wewe. Nchi nzima, afande. Isipokuwa marehemu."

Walirudi kwenye nyumba ile. Ndani ya droo ya kitanda lilikuwemo daftari dogo ambamo mzee aliandika kila asubuhi presha yake na hali ya hewa. Mstari wa mwisho, mkono ukitetemeka: 16.6.24, mia na hamsini kwa tisini, mvua. Ukurasa baada ya ukurasa, ishirini na nne, na kabla yake ishirini na tatu. Mwandiko ulitambaa kama mchwa tangu siku ya kiharusi. Ule wa barua ulisimama wima.

Kabla ya magharibi taarifa ya maabara ilifika. Kwenye barua kulikuwa na alama za vidole za mtu mmoja, na si za mzee. Daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu mwenyewe.

"Vidonge hakumeza hata kimoja, Wichit. Ana madoa ya damu ndani ya kope, na nyuzi za pamba puani. Amezibwa pumzi, nadhani kwa mto wa kulalia. Kati ya saa nane na saa kumi, jana alasiri."

"Alipigana?"

"Sioni dalili. Labda alikuwa usingizini. Labda hakutaka kupigana. Hilo mimi siwezi kulipima."

Asubuhi ya Jumanne walimwendea kwanza Sakda. Wichit alitaka kuamini kwamba ni yeye. Alisema wazi ndani ya gari: "Nikimkuta na hatia nitakununulia chakula cha mchana." Kanya akajibu kwamba angependa kaa wa baharini, basi.

Sakda alikuwa na ofisi ndogo karibu na dobi, ukuta mzima umejaa picha zake akiwa amekumbatiana na wazee wa Kizungu, dole gumba juu.

"Karibu mkuu," alisema. "Unastaafu? Nitakufanyia bei ya ndugu."

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Harusi ya binamu yangu, Phetchaburi. Nimeimba mbele ya watu mia mbili, waulize kama watakubali kukumbuka. Kuna nini?"

"Halvard Brekke amekufa."

Uso wa Sakda ulisawijika. Alikaa chini, kisha akafungua droo akatoa pasipoti nyekundu, akaiweka mezani taratibu.

"Nilipiga jana saa nne asubuhi," alisema. "Simu haikupokelewa."

"Ulitaka kumwambia nini?"

Sakda alielekeza kidole kwenye pasipoti. Kanya aliichukua pasipoti, akageuza kurasa, akasimama. Alimpa bosi wake, ukurasa ukiwa wazi. Muhuri ulikuwa mbichi, bluu, umenyooka. Ruhusa ya kukaa kwa sababu ya ugonjwa, siku tisini, mpaka tarehe kumi na tano Septemba. Umepigwa Ijumaa.

Wichit aliusoma mara mbili. "Ijumaa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Na saa ngapi ulimpigia Bi Ampai ukamwambia wamekataa?"

"Kama saa kumi na moja." Sakda alianza kuongea haraka. "Mkuu, ndiyo kazi yetu hii, si mimi peke yangu. Ukimwambia mteja imepita kirahisi, anakuuliza amelipia nini. Kwanza unamtia hofu kidogo. Siku mbili tatu. Halafu unamletea habari njema, anakushika mikono, analia, analipa kwa moyo mweupe. Wote wanafurahi. Nimefanya hivyo miaka tisa na hakuna aliyekufa."

"Amekufa mmoja," alisema Kanya.

"Nilijua nitampigia Jumatatu."

Nje, Wichit aliegemea gari. "Tutamkamata kwa kosa gani?" aliuliza.

"Udanganyifu, afande. Wakili wake atalipa faini, atarudi ofisini kabla chai haijapoa."

Hakuna aliyetaja kaa.

Bi Ampai aliletwa chumba cha mahojiano saa saba mchana. Alikuwa amevaa nguo nyeusi za msiba. Wichit aliweka mbele yake barua na daftari la presha, vyote vimefunguliwa kwenye tarehe. Pasipoti ilikuwa kwenye droo ya meza, upande wake. Alitaka kuiacha humo milele.

"Dada Ampai. Barua hii umeandika wewe."

Alipitisha kidole juu ya ile sitini na saba. "Mkono umezoea," alisema tu.

"Mwandiko wake umeujulia wapi?"

"Kwenye fomu. Baada ya kiharusi hakuweza kutia sahihi kurasa zote zile, alikuwa anaishia ya nne, analala juu ya meza. Nikawa natia mimi. Kurasa arobaini, hamsini. Ofisini hawakuwahi kuona tofauti."

"Tueleze Jumapili."

"Ijumaa nilimwambia wamekataa. Sikujua kumficha. Alilia, Inspekta. Mwanamume mkubwa vile, alishika mguu wa kitanda akasema haondoki. Jumamosi aliamka amesahau, akauliza kama Sakda amepiga. Nikamwambia tena. Akalia upya, kama ndiyo kwanza anasikia. Jumapili asubuhi vilevile."

"Ungeweza kumdanganya," alisema Kanya kwa upole.

"Miaka kumi na moja sijamdanganya. Sikujua naanzia wapi."

"Endelea."

"Nilisikia wanaozidisha siku za kibali wanawekwa rumande. Na akienda kwa mpwa, mwendo wa saa kumi na mbili angani, na nepi, hajui yuko wapi. Kule nani anajua kwamba maji yasipopashwa anapiga kelele? Nani anajua kwamba samaki lazima umtoe miiba mbele ya macho yake, la sivyo hali? Nilimwahidi atafia kwenye kitanda chake. Alikula samaki, akalala. Nikamtazama. Nikajiambia, akiamka itabidi nimwambie tena." Mikono yake mikubwa ilikuwa imelala mezani, viganja juu. "Nilichukua mto wangu, si wake. Alifungua macho mara moja. Hakunishika."

Kinasa sauti kiliendelea kuzunguka. Kanya alikuwa anaangalia ukutani.

"Na barua?"

"Nilitaka nimfanyie msiba. Siku tatu za watawa kumwombea, nimwagie maji mkononi, achomwe, nione moshi wake unapanda. Baadaye ningekuja mwenyewe hapa kituoni. Nani mwingine angemfanyia? Hana mtu."

Wichit alimwamini. Miaka ishirini na sita ya kazi, na hakuwahi kumwamini mwuaji yeyote kiasi kile. Pasipoti ingeingia kwenye faili, faili lingesomwa mahakamani, na Ampai angeisikia habari hiyo huko kutoka kwa mwendesha mashtaka mwenye haraka ya kwenda kula. Alifungua droo.

"Dada, kuna jambo lazima ulisikie kwangu."

Alimwonyesha ukurasa. Ampai alijua kusoma mihuri kuliko polisi yeyote. Aliisogeza karibu, kisha mbali, akasoma tarehe ya mwisho, akasoma ya kwanza.

"Septemba," alisema.

"Ndiyo."

"Ijumaa ile Sakda aliponipigia, ulikuwa umeshapigwa?"

"Tangu saa nane mchana. Alitaka kukutisha kwanza, ili ukilipa ushukuru."

Alifunga pasipoti. Alililainisha jalada kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. Alipozungumza sauti ilikuwa ndogo, na hakuwa anazungumza nao.

"Basi alilia siku tatu kwa kitu ambacho hakikuwepo. Na mimi ndiye niliyekuwa namwambia, kila asubuhi."

Wichit angemtaja Sakda, lakini Sakda wakati ule alikuwa ofisini kwake na wateja. Angetaja sheria, huruma ya hakimu, umri wake. Kila alichokishika kilikuwa hakina uzito. Alizima kinasa sauti, akasogeza kiti chake upande wa Ampai, akakaa naye hapo mpaka gari la mahabusu lilipofika.