Belo la Kumi

Haya yalimpata rafiki yangu Nahla, Mzanzibari anayenunua nguo Shahe, soko la jumla la Kichina. Alikodi chumba cha chini mtaa wa Sanyuanli kuwekea mabelo yake. Kila belo huliandika kwa mkono wake kilichomo ndani: suruali, madera, nguo za watoto. Nyuma ya chumba kuna kiwanja kitupu kilichojaa magugu yanayotambaa, yale yanayomeza ukuta mzima kwa wiki. Kila mara aliyakata dirishani, na kila mara yalirudi.

Siku hiyo alikwenda mchana kutazama mabelo yake tisa kabla gari la mzigo halijafika. Magugu alikuwa ameyakata jana yake tu. Alipofungua mlango akakuta giza. Majani yalikuwa yameziba dirisha lote. Ndani kabisa akasikia solotepu ikivutwa, krrr, kama mtu anayefunga mzigo.

Hakushtuka. Mwenzake Ilham ana ufunguo.

"Ilham, umeshafika?"

Solotepu ikanyamaza. Papo hapo simu yake ikaita, na aliyepiga ni Ilham.

"Shoga, mimi bado niko sokoni Zhanqian. Nisubiri."

Gizani solotepu ikaanza tena, sasa karibu zaidi.

Nahla akakimbia. Walirudi wawili, yeye na Ilham, na tochi. Mabelo tisa yalikuwa pale pale. Kando yake lilikuwapo la kumi, tupu, bado halijafungwa, ndani limetandikwa majani mabichi. Juu yake, kwa mwandiko wa Nahla mwenyewe, kwa wino ambao haujakauka, palikuwa pameandikwa: Nahla.