Kasoki Alikataa Kuinuka

Wakaaji wenzangu, mnaonijua mnajua ninakaa juu kidogo ya Kituku, ule ufuko wa samaki hapa Goma, mimi Angèle, mke wa Sibomana seremala. Haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya kosa ni yangu.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka 1956, baada ya misa. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu, watoto wanaoga, na wavuvi wamelala mchangani huku nyavu zao zikikauka juu ya mawe meusi. Uani kwetu ilisimama pikipiki mpya. Ilikuwa ya Donat, karani wa kahawa kutoka Butembo, aliyesoma misheni pamoja na mume wangu. Alikuwa anaenda Bukavu kwa kaka yake, na mke wake Kasoki amekaa nyuma. Walikuwa wamesafiri siku tatu. Waliteremka mlima wa Kabasha, wakapita Rutshuru, wakaingia kwetu Jumamosi jioni wamejaa vumbi mpaka kwenye kope. Jumapili walipanga kupumzika, Jumatatu waendelee na safari. Kasoki alikuwa na mimba ya miezi sita.

Kupumzika! Sikilizeni namna walivyopumzika. Donat alivua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka.

"Leo sigusi hata kikombe," akasema. "Kasoki, fua ile koti yangu. Na mashati mbili."

Mume wangu naye alikuwa amewaalika rafiki wanne waje kuitazama pikipiki na kula. Kwa hiyo maji mengi yalihitajika, na sisi maji tunayachota ziwani. Kasoki akashuka na ndoo, akapanda na ndoo, juu ya yale mawe makali ya volkeno. Safari ya pili nilimwona amesimama, mkono kiunoni, macho ameyafunga. Je, nilimwambia akae? Hapana. Nilimpa kisu na kikapu cha viazi. Mimi pia nililelewa hivyo, nikaona ndiyo adabu ya mgeni mwanamke.

Safari ya nne hakurudi.

Donat alishuka kumtafuta, nami nyuma yake. Tulimkuta ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, imevimba hata vifundo havionekani. Ndoo ilikuwa tupu kando yake.

"Kasoki, bageni wamefika. Simama."

"Apana."

"Unasema nini?"

"Nasema apana. Kule Rutshuru nilikuambia tumbo inauma. Ukasema, vumilia, tutapumzika Goma. Tuko Goma."

Wanawake wauza samaki waliokuwa pale ufukoni wakageuka kutazama. Wageni wetu wa kiume walikuwa wameteremka kuona kuna nini, na mmoja wao akacheka. Kicheko hicho kilimchoma Donat.

"Unanipatisha haya mbele ya batu!"

"Basi uone haya. Niko na mutoto ndani. Ule wa kwanza, mimba ilitoka sababu nilinyamaza. Nilibeba mizigo yako mpaka siku ilitoka, na haukuniuliza hata neno moja. Kwa huyu sitanyamaza."

"Kesho asubuhi utapanda pikipiki, ama nitakuacha hapa."

"Uniache."

Akamshika mkono amwinue kwa nguvu. Kasoki hakupiga kelele. Alijifanya mzito kama jiwe alilokalia. Hapo nikasogea mbele.

"Papa Donat, muachie."

"Mama Angèle, wewe enda upike."

"Sipiki."

Nilivua ndala zangu, nikaketi karibu na Kasoki, nikatia miguu majini. Donat akamwachia. Mume wangu akaniita mara mbili. Nikamjibu bila kugeuka: "Viazi viko kwenye kikapu, na kisu iko pale pale." Safari hii wauza samaki ndio waliocheka, na hawakuwa wanatucheka sisi.

Tulikaa hivyo mpaka saa tisa. Kisha Kasoki akaninong'oneza kwamba anaona damu. Nikapiga kelele. Sibomana, ambaye bado alikuwa amenuna, alileta kiti cha mbao mbio. Tukamketisha, tukambeba watu wanne mpaka materniti, nyumba ya kuzalia. Donat alifuata nyuma, viatu mkononi.

Mkunga Athanasie alimpima, akatoka nje.

"Ametulia. Lakini angepanda ile pikipiki kesho, hakuna mutoto, na pengine hakuna mama. Analala hapa."

Donat akasimama mlangoni. "Sasa kaka yangu nitamwambia nini kule Bukavu?"

Kasoki akajibu kutoka kitandani: "Mwambie kwamba muke wako anapumzika."

Siwaambii kwamba Donat aligeuka malaika. Jumatatu aliondoka peke yake na hasira zake. Alhamisi akarudi, akakuta Athanasie anamsubiri. Waliongea wakiwa wawili tu. Alipotoka, alikuja moja kwa moja kuchukua ndoo yetu. Siku zote zilizobaki za likizo yake, yeye ndiye aliyechota maji ya nyumba yetu. Wauza samaki walimpigia vigelegele kila aliposhuka. Alikunja uso, lakini alichota.

Mkunga alipomruhusu, Kasoki alirudi kwao kwa lori, si kwa pikipiki, na mtoto alizaliwa Butembo, msichana. Kasoki alichagua jina Victoire, maana yake Ushindi, na hakumwomba mtu ruhusa.

MAFUNZO

Akina papa, siku ya kupumzika ambayo mtu mmoja analala na mwingine anakufa kwa kazi, hiyo si siku ya kupumzika. Mwanamke akisema anaumwa, msikilizeni siku hiyo hiyo, wala msimwambie ngoja tufike. Nanyi akina mama wenzangu, nawasema kwa nguvu zaidi kwa sababu nami nilitoa kile kisu: tusiwe mkono wa kumtumikisha mgonjwa. Akikataa kuinuka, tusimwambie avumilie. Tuketi karibu naye, na chakula kisipikwe.