Nepi Zilizokataa Maji

Kila alasiri akitoka shule, Fuatino alivua sare, akala shelisheli lililobaki mchana, kisha akabeba beseni la nepi za mdogo wake Tavita. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu mama yao apate kibarua Apia, ng'ambo ya mlango wa bahari, akawa anarudi Savaii Jumamosi tu. Nepi zenyewe zilikuwa vitambaa vya pamba vilivyomlea Fuatino mwenyewe, na Bibi Sieni alijivunia kwamba hakuna hata moja iliyotoboka.

Masharti ya Bibi yalikuwa mawili. Kwanza, nepi zifuliwe nyumbani kwa sabuni na maji ya moto, ndipo zikasuuzwe kwenye kidimbwi cha kijiji. Pili, zianuliwe kabla kombe la baharini halijapulizwa kuwaita watu kwa sala ya jioni. Nguo ya mtoto ikikutwa na giza kambani, alisema Bibi, yule mwanamke wa msituni, pepo atembeaye usiku, huijaribu mwilini mwake, na kesho mtoto huvaa kile alichokiacha.

Fuatino aliliogopa sharti la pili, la kwanza akalidharau. Kuokota makumbi ya nazi na kukoka moto kulimkosesha kriketi na wenzake uwanjani. Basi alikwenda moja kwa moja kidimbwini, akafua kwa maji baridi. Bibi akiuliza kama maji yalichemka, alijibu yalichemka, tena bila kupepesa macho.

Siku moja mchezo ulinoga, kombe likalia nepi zikiwa bado kambani. Wakati wa sala hakuna anayetembea kijijini, hata mbwa hufukuzwa njiani. Fuatino aliketi mkekani kando ya Bibi, na kwa kuwa nyumba yao haina kuta, alikuwa akiiona kamba yote. Upepo ulikuwa umelala. Majani ya mgomba hayakutikisika. Lakini nepi ya mwisho, iliyo karibu na msitu, ilikuwa ikienda mbele na nyuma, polepole.

Sala ilipokwisha alikimbia kuzianua. Zilikuwa kavu, na zilinuka maua, si maua mabichi bali yale yaliyokwisha kulala kaburini. Alizikunja upesi, asimwambie mtu.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Tavita alivalishwa nepi, baada ya muda mfupi mkeka ukawa chapachapa na nepi yenyewe karibu kavu. Mapaja yake yakawa mekundu, akalia mpaka sauti ikamkauka. Fuatino alipoitupa nepi moja kidimbwini, haikuzama. Matone yalijikusanya juu yake, yakateleza, yakaondoka. Aliikandamiza chini kwa mikono miwili, ikapanda tena taratibu, kama mtu anayeinua kichwa.

Vaimoana, binamu yake aliyekuwa akifua pembeni, aliacha kusugua. "Hee, siku hizi nepi zenu zinaogelea?" alisema. Kisha kicheko kikafutika usoni pake. "Hiyo imeshavaliwa, dada. Mlimwachia yule." Akazoa nguo zake na kuhamia upande wa pili wa kidimbwi.

Jioni hiyo Bibi alisema kwamba mtoto asipopata nafuu hadi Jumamosi, mama yake atamchukua akakae naye Apia. Fuatino alimtazama Tavita aliyelala amekishika kidole chake, na moyo ukamuuma kweli. Nyumba bila Tavita hakuweza hata kuifikiria.

Ijumaa, jua lilipoanza kuzama, alibeba nepi zote hadi jiko la nje, akawasha moto azichome. Bibi alimkuta na kiberiti mkononi.

"Unachoma nini, mjukuu wangu?"

Fuatino alilia, akaeleza habari ya jioni ile, na nepi iliyotikisika bila upepo. Bibi hakumkemea. Aliimwagia nepi moja maji ya kikombe, yakateleza yote mpaka chini. Akatazama upande wa msitu kwa muda, na kule kutazama kwake kukamtisha Fuatino kuliko yote. Halafu akaiweka nepi puani, akavuta harufu.

"Na maji ya moto je?" aliuliza. "Zilifuliwa kwa maji ya moto?"

Hapo palikuwa na njia rahisi. Yule wa msituni alikwisha kubeba lawama, angeweza kubeba na hii. Lakini Fuatino aliona mapaja ya Tavita mbele ya macho yake.

"Hapana, Bibi. Nilikudanganya. Siku nyingi sijachemsha maji."

Bibi aliteleka sufuria ya maji juu ya ule moto uliokusudiwa kuchomea. Maji yalipochemka akatia sabuni na nepi, akakoroga kwa mti. Muda si muda mafuta ya rangi ya dhahabu yakaelea juu, na jiko zima likajaa harufu ya maua ya langilangi. Fuatino aliijua mara moja. Ilikuwa chupa ya Bibi, mafuta ya nazi anayomkandia Tavita tumbo na mapaja kila mchana, Fuatino akiwa shule.

Bibi akacheka kidogo. "Mafuta yangu na maji yako baridi. Mafuta hayatoki kwa baridi, mwanangu. Yameganda ndani ya nyuzi mpaka kitambaa kimesahau kunywa." Kisha akawa hacheki tena. "Nepi hizi zimedumu kwa sababu kila aliyezifua hakuruka hatua. Uvivu wako uliziharibu kidogo, lakini uongo ndio uliotaka kuzimaliza. Ungesema siku ya kwanza, mtoto asingechubuka."

Walizisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Bibi akaimwagia moja maji ya kikombe, nayo ikayanywa yote. Mama alipofika Jumamosi wekundu ulikuwa umeanza kufifia, akaondoka Jumatatu bila Tavita.

Siku hiyo, wakianika, Fuatino aliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, na ile iliyotikisika bila upepo?"

Bibi alinyoosha pembe ya nepi kambani, hakugeuka.

"Ndiyo maana nilikwambia uanue mapema," alisema.