Vishikio vya Chini

Jioni ile nilikuwa napeleka godoro la mjukuu tu. Basi.

Wanangu wawili waligombania chumba cha uani mpaka wakanuniana msibani kwa baba yao. Mdogo akaapa bora akaishi majini. Akanunua boti la tanga, kuukuu, akahamia na mkewe na binti yao wa miaka mitatu. Mtoto huyo miguu yake haijawahi kumbeba.

"Karibu kwangu, mama. Shika hapo."

Nikashuka ngazi. Chumba chembamba, jiko ubavuni mwa kitanda.

"Humu ukikaanga kitunguu, unalala nacho," nikamwambia. Akacheka.

"Boti la kuishi si ukubwa, mama. Ni kila ukinyoosha mkono upate pa kushika. Likiyumba, huanguki."

Kweli. Ukutani, usawa wa bega langu, vishikio vya mbao, mstari mzima. Nikainama kuweka godoro.

Nikaona vingine. Chini, usawa wa goti. Vimelainika kwa kushikwa.

"Hivi umeweka wewe?"

"Nimevikuta. Na aliyeniuzia hana hata mtoto."

Kukanuka maziwa yaliyochacha...

Pa.

Kule mbele, gizani. Kiganja juu ya mbao.

Pa... pa...

Kinakuja. Kwenye vile vya chini.

Nikamtafuta mjukuu. Huyu hapa, kapakatwa na mama yake.

"Nani yule?" nikanong'ona.

Mkwe wangu hakuniangalia. "Usiulize, mama. Tazama tu."

Akamweka mtoto sakafuni. Mtoto akanyoosha mkono pembeni, kwenye hewa tupu. Mkono ukashikwa.

Akasimama.

Akatembea.

Nilimnyakua! Nikapanda naye ngazi, mwanangu nyuma, "Mama! Mama, muache!" Nikaenda kumlaza kwangu.

Kulipokucha, miguu ni ileile, matambara. Hali, hanywi. Analia na mkono kaunyoosha vilevile, mpaka sauti ikamkauka. Yule kaka mtu akaja, eti, "Chumba wachukue, nimesamehe."

Umechelewa, baba.

Nikamrudisha mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Sasa anakimbia humo ndani, unasikia vishindo. Mimi sishuki tena. Namwita kutoka juu. Huja mpaka chini ya ngazi, anacheka, ananipa mkono mmoja.

"Nipe na wa pili, nikubebe."

Anageuka kutazama gizani, kisha ananitazama mimi.

"Haachii, bibi."