Sauti ya Pili kwa Uledi

Usijifanye hukuwepo. Dimanche ya kwanza, Jumapili ya kusoma orodha, ulikuwa kiwanjani, upande wa goli linalotazama ziwa, shati limepigwa pasi, na jina la Uledi liliposomwa uliinama ukajifanya unafunga kamba za viatu. Ulikuwa umevaa sandali. Dimanche ya pili ulikohoa. Watu zaidi ya mia mbili walikohoa pamoja, kama vumbi lote la mji wa Baraka limeingia koo moja. Mimi nilikuwa nje ya ukuta, maana kadi yangu ya saporta, shabiki wa klabu, waliichana mwaka 2016, na kikohozi chako nilikitambua.

Sasa kaa nikueleze ni nini ulichokuwa unakikoholea.

Miaka miwili iliyopita, siku ya soko, mitumbwi ya Ubwari, ng'ambo ya maji, ilikuwa inashusha mzigo kwenye bandari ya Mushimbakye. Aline alikuwa anapita juu ya ubao kwenda kumpa nahodha kifurushi cha shangazi yake. Unamjua Aline: mwalimu wa darasa la tatu, sekretere wa klabu yetu ya mpira, AS Mukeke, binti wa Papa Isidore. Siku hiyo alivaa kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, viatu mkononi, na kaye ya kumite, daftari la kamati ya klabu, kwapani. Mbebaji wa magunia ya muhogo akamgonga. Kaye ikaruka, ikafunguka hewani, ikaelekea majini.

Kijana mmoja akaruka kutoka mtumbwini. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika beseni la mikeke kichwani, wa kulia ukaidaka kaye karibu kabisa na maji. Hakuna samaki hata mmoja aliyeanguka.

"Mungu wangu! Kaye ya kumite!"

"Iko kavu, mademwazeli. Angalia mwenyewe. Na samaki bako salama."

"We ni kipa wa timu gani?"

"Kipa wa nini? Mi ni mutu wa Ubwari. Kwetu kitu ikianguka mu maji imeenda. Tunajifunza kudaka mbele ya kutembea."

"Jina?"

"Uledi. Na we?"

"Mi njo naandikaka majina ya bengine. Ya kwangu haiandikwe."

"Basi nitaidaka."

Aline alicheka mpaka akasahau kifurushi. Jina la Uledi aliliandika palepale, amesimama, ukurasa umelazwa juu ya gunia. Baada ya wiki tatu yule mvuvi alikuwa golini, mayo, jezi yetu ya kijani, imembana mabega, na wewe ulikuwa unaimba jina lake mpaka sauti ikakukauka.

Mapenzi yao yalienda kwa simu na vijibarua, kama ya watu wote wenye kazi.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula goli mbili."

"Ile ya kwanza ilikuwa kosa ya beki."

"Unanitetea kama avoka."

"Avoka hapendake mutu wake. Mi nakupenda, njo maana nadanganyaka kidogo."

Papa Isidore, mkatoliki wa benchi la mbele, alisali rozari mwezi mzima aliposikia kijana ni Muislamu. Kisha akasema: "Baje wajomba wake tuongee. Mutu ni mutu. Lakini mutoto wangu hatafuata bwana ku machimbo ya Lulimba. Dada yangu alifuata. Sikumuona tena." Hilo tu ndilo alilolikataza. Ni nani angefikiria Lulimba? Uledi alikuwa kipa wa Baraka.

Aliyefikiria ni Prezida Eugène, mwenyekiti wa klabu.

Nina kumbukumbu ndefu, na wewe hupendi. Sezoni ya 2016 Eugène alimpeleka beki wetu Mahmudu kwa timu ya Lulimba, wakampa mabati ya kuezeka biro, ofisi ya klabu. Biro mpaka leo inavuja. Mabati yanang'aa juu ya depo yake ya magunia. Mahmudu alirudi na mguu uliopinda, leo anashona nyavu. Sezoni ya 2019 alimtoa winga Eddy kwa ng'ombe watatu wa Bibokoboko, kule milimani. Tulichinja, tulikula, na wewe ulilamba vidole. Mwaka huu, mashindano yalipokwisha tu, akakubaliana na tajiri wa machimbo: Uledi aende Lulimba sezoni tatu, sisi tupewe mshambuliaji Lionel pamoja na motere, injini ya mtumbwi. Motere, alisema, ni ya kusafirisha timu. Kabla orodha haijasomwa ilikuwa tayari imefungwa nyuma ya mtumbwi wake mkubwa, inapeleka magunia yake Ubwari.

Habari ilivuja Ijumaa. Samedi, Jumamosi asubuhi, parlema ya basaporta, kijiwe chenu cha mashabiki, ilijaa pale njia panda, mbele ya kibanda cha kuchaji simu, wote mmesimama kama kawaida, kila mmoja na kumite yake kichwani.

"Kipa ni mikono mbili tu!" alipiga kelele Dany, fundi wa pikipiki, mafuta mpaka kwenye viwiko. "Mikono iko mingi mu Baraka. Goli njo inaleta kombe. Bamulete Lionel!"

"Lionel yupi?" aliuliza Mama Godelieve, beseni la samaki wa kukaushwa kiunoni. "Ule wa goti? Ule akifika karibu na goli anaomba kiti."

"Goti imepona, mama!"

"Imepona ku photo."

Watu wakacheka, Dany akapandisha sauti. "Na motere je? Tutavuka kwenda kucheza Ubwari bila kuomba mutu mutumbwi!"

"Motere inadakaka penalti? Demi-finali, ile penalti ya mwisho, nani aliilalia? Motere?"

"Mama iko na haki!" Hapo ndipo zikaanza ahadi. "Uledi ni wetu! Kesho bakisoma ile jina, mi nasimama! Mi mwenyewe!"

"Na mi!" Hata Dany akajiunga.

"Parlema yote inasimama!"

Aliyejipiga kifua wa kwanza sitamtaja. Analijua shati lake. Samedi mko mamba, dimanche mko ndakala, dagaa kwenye wavu.

Maana sheria ya Mukeke haikufichwa. Klabu ilianzishwa na katekista, na yule mzee alijua njia moja tu ya kutangaza jambo zito: kama ndoa kanisani, dimanche tatu mfululizo. Orodha ya wanaoondoka inasomwa mbele ya basaporta, na kwa kila jina msomaji anauliza mara moja: "Kuna mwenye kukataa?" Wenye kadi wawili wakisema "Nakataa," jina linatoka, na hakuna prezida wa kulirudisha. Mmoja peke yake anahesabiwa mwendawazimu; mwaka wa Mahmudu nilikuwa huyo mmoja, wakanichania kadi. Mchezaji hajikatalii mwenyewe. Na anayesoma, awe nani, hana sauti. Kila mtoto wa Baraka anayajua hayo.

Uledi hakuzaliwa Baraka. Kwao ndoa hufungwa msikitini, hakuna matangazo ya dimanche tatu. Msimu wake wa kwanza orodha ilipita bila ya jina la mtu anayemjali, na siku hizo alikuwa Ubwari anavua. Hakuna aliyekumbuka kumweleza. Aline mwenyewe hakukumbuka.

Dimanche ile ya kwanza Aline alisimama katikati ya kiwanja, sketi nyeusi, blauzi nyeupe, kitambaa cha kijani cha klabu shingoni. Alisoma bila kuinua macho mpaka alipofika.

"Uledi, kipa. Anakwenda Lulimba. Kuna mwenye kukataa?"

Aliinua macho upande wa goli la ziwani, mahali mlipojaa nyinyi wa parlema. Uledi alisimama hatua mbili mbele yenu. Wewe ukainama kwenye sandali. Dany akatazama mawingu. Aline akavunja sheria, akauliza tena:

"Nasema, kuna mwenye kukataa?"

"Geuza ukurasa, sekretere," alisema Eugène polepole, chini ya mwavuli wake.

Kona ya ukurasa ilikuwa imelowa jasho la kidole. Akageuza.

Sasa vaa macho ya Uledi. Mwanamke anayempenda amesimama mbele ya watu, amemtazama usoni, ameuliza mara mbili kama yupo hata mtu mmoja anayemtaka, ili ukimya usikike vizuri. Uledi aliondoka bila kumuaga mtu.

Aline alimpigia simu jioni nzima, hakushika. Jumatatu, saa ya mapumziko ya shule, akashika.

"Unataka nini tena, sekretere?"

"Usiniite ivyo. Sheri, nisikilize..."

"Nilikusikiliza jana. Mara mbili."

"Juu ya we njo nilirudilia!"

"Najua ni juu yangu! Papa yako hataki mukwe wa Lulimba, basi we unanituma Lulimba. Njia fupi. Na orodha niliiona ku mulango ya biro: mwandiko ni wako, Aline. Hata ile mukia ya U unaniwekeaka mu barua, uliiweka."

"Nilikuwa naomba!"

"Kuomba nini? Nilie mbele ya batu?"

"Kuomba bale batu! Uledi, we haujui..."

Alikata. Siku zilizofuata Aline alipiga, simu ikalia tupu, kisha Uledi akawa hapatikani. Dimanche ya pili Aline alisoma jina lile kwa sauti isiyofika hata kwenye mstari wa penalti. Uledi hakuja. Wewe ulikohoa.

Jumanne Mama Godelieve alimkuta Uledi Mushimbakye, amekaa juu ya mfuko wake wa nguo, anangoja mtumbwi wa kwenda kumuaga mama yake kabla ya kushika barabara ya Lulimba.

"We mutoto, ile mipira yote ulikuwa unaidakia na kichwa?"

"Mama, niache. Yule mwanamuke ameniuza."

"Amekuuza? Nani alikufundisha kusikia?" Akatua beseni, akamweleza yote: dimanche tatu, sauti mbili, msomaji asiye na sauti. "Hata akisoma jina ya mamake, anyamaze. Na ule mutoto aliuliza mara mbili. Tangu niliolewa huku, niko mukazana, sijasikia mara mbili mu ile kiwanja. Eugène alimutukana mbele ya kumite yote, akasema akirudilia atamutoa ku kazi."

Uledi aliinuka juu ya mfuko. "Mbona hamukuniambia?"

"Tulizani unajua."

"Na we, mama? Mbona hukukataa?"

"Kadi ya wapi? Bamama ba samaki kumite inatupaka ngoma tupige. Kadi, hapana."

Mtumbwi ulipofika, mfuko ulikuwa pale, mwenyewe hayupo.

Aline alikuwa anatoka darasani, chaki mpaka kwenye nyusi. Alimwona langoni, mayo ya kijani, jasho, vumbi mpaka magotini. Hakukimbia. Alikasirika kwanza, na haki yake.

"Nimechelewa, mwalimu."

"Bachelewaji bapige magoti."

Akapiga, palepale langoni.

"Simama, wazimu! Shule yote inaangalia!"

"Iangalie. Nilisikia swali, sikusikia kilio. Nisamehe."

"Uliniita sekretere. Siku ya kwanza ulisema utadaka jina yangu. Ukaiangusha."

"Aline," alisema. "Aline. Aline ya Isidore. Nimeidaka mara tatu."

Aligeuka upande ili asimwone anacheka, na alipogeuka tena alikuwa analia. Wakakaa kwenye ukuta mfupi wa shule, viganja vimeshikana, chaki na vumbi.

"Kama haiwezekani," alisema Uledi, "twende Lulimba wote. Nitamuomba papa yako."

"Hapana. Papa amekataa, na mi pia nakataa. Siolewi na mutu aliyebadilishwa na motere. Siku tukigombana utasema nini? 'Angalia, mi ni nusu ya mutumbwi ya Eugène'?"

"Sasa tufanye nini?"

"Kadi ninayo. Kinachonifunga mudomo ni kaye. Naenda kuirudisha."

Uledi akamfuta chaki kwenye nyusi. "Basi dimanche, ukisha kusema 'nakataa', mi nitakuuliza yangu swali palepale, wajomba wangu wakiwa wamesimama. Na hiyo, mupenzi, uijibu ingine."

"Tutaona kama utauliza vizuri," alisema Aline. "Na usinirudilie mara mbili."

Jeudi, Alhamisi, Aline aliiweka kaye juu ya meza ya Eugène.

"Mwanangu," Eugène alisema, mkono laini, pete kubwa, "unaacha kazi ya heshima juu ya muvuvi?"

"Naacha kunyamaza, prezida. Kazi mutampa mwingine."

Kazi amepewa mpwa wa Eugène, Jacques. Na dimanche ya tatu ndiyo hii inayokuja, saa tisa. Wajomba watatu wa Uledi wamekwisha kuvuka kutoka Ubwari na kofia zao nyeupe, wamelala kwa Mama Godelieve. Papa Isidore amenyoosha koti lake. Jacques atasoma, atauliza, na Aline atasimama katikati yenu na kitenge chake cha njano chenye ndege wa bluu, atasema: "Nakataa."

Hiyo ni sauti moja. Sauti moja ni mwendawazimu. Baada yake kutakuwa na nafasi ndogo, urefu wa ukurasa mmoja kugeuzwa, na ndani ya nafasi hiyo kuna nyumba ya watu wawili, ipo au haipo.

Usiniambie mdogo wako anafanya kazi kwenye mitumbwi ya Eugène. Mahmudu pia alikuwa na mdogo wake kwenye mitumbwi ile, na huyo mdogo aliinama jina la kaka yake liliposomwa. Usiniambie Dany atasimama. Dany anangoja wewe usimame. Bamama wangesimama zamani, hawana kadi. Mimi ningesimama, yangu waliichana na wewe ulikuwepo, ulishika kipande kimoja.

Wewe unayo. Iko ndani ya sanduku, chini ya cheti cha ubatizo au pembeni ya Msahafu. Inuka sasa hivi uitoe, uitie mfukoni mwa shati. Dimanche njoo peku, usipate kiatu cha kuinamia. Kunywa maji, usipate cha kukohoa. Aline akishasema, usitazame nani mwingine anafungua mdomo.

Fungua wako. Sema: Nakataa.