Pikipiki Isiyowaka Baada ya Magharibi

Tik.

Sauti moja tu, kavu, kama mtu aliyevunja kijiti gizani.

Aliyewahi kuwa na pikipiki kuukuu anaijua. Unabonyeza stata, rilei inagonga, injini haizunguki. Betri imechoka, au nyaya zimeshika kutu, au makaa ya stata yamekwisha. Jambo la kawaida kabisa.

Ila jioni ile, kwenye gereji ya fundi Burhani pale Rwamishenye, betri ilikuwa juu ya meza. Nilikuwa naiona. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa fundi. Na pikipiki ilikuwa peke yake kule pembeni, imefunikwa turubai.

Tik.

"Umesikia?" Burhani akaninong'oneza.

"Nimesikia."

"Alhamdulillahi. Mke wangu anasema nimerukwa na akili."

Akacheka kidogo, peke yake.

Pikipiki ile ilikuwa ya kaka yangu. Alikwenda kisiwani Goziba kununua dagaa, na wakati wa kurudi boti ikapinduka. Wenzake waliopolewa. Yeye hakuonekana. Katika ukoo wetu, mwili usipopatikana, unazikwa mgomba badala yake. Unachimbiwa kaburi kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, unalazwa kama mtu, na mama mzazi ndiye wa kwanza kulitaja jina la marehemu. Kabla yake, hakuna anayeruhusiwa.

Mae, mama yetu, alikataa. "Mkizika mgomba, ninyi ndio mtakuwa mmemuua," alisema. Wazee wakamsihi, padri akamsihi, akawafungia mlango. Kwa hiyo jina nalo likafungiwa ndani. Mvua za masika zikapita, kiangazi kikapita. Nyumbani tukawa tunasema "yule".

"Nimebadilisha makaa," Burhani alisema, akirudisha betri mahali pake. "Nimesugua vichwa vya betri. Rilei ni mpya. Mchana unaigusa tu, inawaka. Magharibi ikiingia, haikujui. Lakini Avit, nani huko kwenu anaibonyeza stata namna hii? Makaa niliyotoa yalikuwa yameungua. Hayo si ya safari. Ni ya mtu anayebonyeza na kushikilia, pikipiki imesimama pale pale."

"Hakuna mtu. Mimi niko chuoni. Nyumbani ni Mae na shemeji yangu Dativa, na Dativa ana mimba kubwa."

"Basi muulize Mae wako."

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mae mwenyewe.

"Dativa ameshikwa na uchungu. Mvua imekata barabara, gari halipandi. Njoo na pikipiki, mwana wange. Fanya haraka."

Mimba ile ilikuwa ya kaka. Ndicho kitu pekee alichotuachia.

Tulipobonyeza, ikagonga tu. Tukaisukuma mpaka kwenye mteremko, nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi. Ikakohoa. Ikawaka. Burhani akakimbia kando yangu hatua chache, kandambili zikimpiga visigino.

"Usiizime njiani!" akapiga kelele. "Hata ukifika nyumbani, usiizime!"

Sikuizima. Nilipita Kemondo mvua ikinichapa usoni, nikashika njia ya Muleba. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hata hivyo, kila nilipopanda kilima, injini ilikuwa inalia kama imebeba mtu.

Nyumbani niliiacha ikiunguruma uani. Tukampakia Dativa katikati, Mae nyuma yake, na beseni la nguo mapajani mwa Mae.

"Shemeji," Dativa alisema akiuma meno, "ukipita kwenye mashimo kama kaka yako, nitazaa hapa hapa."

"Nyamaza, mwanangu," Mae akamkemea.

Tukashuka kuelekea hospitali. Vibanja vikaisha, misonobari ikaanza. Pale njia inapokata kona na ziwa kuonekana chini, taa za wavuvi wa dagaa zikiwa zimetapakaa majini, injini ikakata.

Haikukohoa. Ilikata kama taa inavyozimwa.

Kimya...

Matone tu, kutoka kwenye misonobari.

Nikabonyeza stata. Tik.

Nikajilazimisha kufikiri kama fundi. Taa ya mbele ilikuwa inawaka vizuri, kwa hiyo betri ilikuwa na moto. Honi ikalia. Stendi ilikuwa juu. Gia nilikuwa nimeitoa. Kiki ilikuwa imekatika meno tangu enzi za kaka, haikufaa kitu. Nikawashusha wanawake, wakakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikachukua bisibisi, nikaunganisha vichwa viwili vya rilei. Cheche ikaruka. Mota ya stata ikanguruma kwa chini, ikijitahidi, kama vile kuna mtu ameishikilia injini kwa ndani.

"Tuisukume, Mae."

Tukasukuma. Haikusogea. Mteremko ulikuwa mbele yetu, gia ilikuwa huru, breki sikuzishika.

Haikusogea hata kidogo.

Hapo ndipo harufu ilipokuja. Maji ya ziwa. Majani yaliyooza ufukweni. Dagaa wabichi.

Nikamulika simu.

Shokapu za nyuma zilikuwa zimebonyea. Hakuna aliyekuwa amekaa. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kiti, taratibu, yakidondokea matopeni. Na hayakuwa ya mvua. Mvua ilikuwa imekatika.

Kwenye usukani, kitufe cha stata kikazama ndani.

Chenyewe.

Tik.

"Ni yeye," Dativa alinong'ona. "Ona kiti kilivyolalia kushoto. Ndivyo anavyokaa."

Mae alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge.

"Mae," nikasema, "nani alikuwa anaibonyeza stata nyumbani?"

Akageuza uso.

"Mae!"

"Mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Kila jioni. Alikuwa akirudi, unaisikia pikipiki kabla hujamwona. Nikasema, labda na yeye akiisikia kule majini, atajua njia ya nyumbani. Nilikuwa nabonyeza. Nashikilia. Mpaka mkono unakufa ganzi."

"Ulikuwa unamwita."

"Nilikuwa namwita. Na wiki iliyopita, kabla haijapelekwa gereji, alianza kuitika."

Dativa akapiga ukelele. Nilidhani ni uchungu. Nikammulika. Alikuwa ameganda, mikono hewani, anaangalia tumbo lake. Kwenye kitenge, juu ya tumbo, palikuwa na alama ya kiganja. Imelowa. Vidole vitano vimefunguka. Na kitambaa kilikuwa kinabonyea chini ya vidole hivyo, polepole, kama mtu anayepapasa kutafuta mlango.

Kitenge kile tunacho mpaka leo. Hakijakauka.

"Anataka nini?" Dativa alilia. "Mae, anataka nini kwangu?"

Mae alijua. Nami nilijua. Kila mtoto wa kwetu anajua. Omuzimu, mzimu wa marehemu, asiye na kaburi hana mwili, na asiye na mwili hutafuta. Mtoto yule bado hajapumua. Nyumba tupu, mlango uko wazi.

"Mzike," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Hapa? Njiani, kama mbwa?"

"Mae, nitakupigia magoti. Unaye mjukuu au huna?"

Alisimama, akarudi juu kidogo pale vibanja vinapoishia, akang'oa chipukizi la mgomba la mtu kwa mikono yake, akaja nalo amelikumbatia. Mimi nilikuwa nimeanza kuchimba kwa bisibisi na kucha kando ya barabara. Udongo ulikuwa laini. Shimo likapatikana, fupi, la kitoto.

Akalilaza chipukizi. Akalinyoosha majani, moja moja. Akalifunika kwa khanga iliyokuwa kwenye beseni, ile aliyomwandalia mjukuu. Tukafukia.

Nyuma yetu: tik. Tik. Tik-tik-tik-tik...

"Limebaki jina," nikanong'ona.

Jina husemwa mara moja. Husemwa chini chini, uso umeinamia udongo, kwa sauti ya kumuaga mtu aliyekwisha kulala. Ukilisema hivyo, anakwenda. Ukilisema kama unamwita, anakuja. Baada ya hapo hutamsubiri tena mlangoni. Baada ya hapo una mtoto mmoja tu, mimi.

Mae alipiga magoti. Aliinama mpaka paji la uso likagusa matope. Dativa alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anasali Salamu Maria kwa Kihaya, maneno yakimkatikia njiani.

Kitufe kikaacha kugonga.

Naye alikuwa anasubiri.

Hata misonobari iliacha kudondosha maji. Kule chini, taa za wavuvi zilikuwa zimetulia, hazitikisiki.

"Sema, Mae," nilimsihi. "Mwache aende."

Akavuta pumzi. Nikaiona inavyomjaa kifuani. Kisha akainua uso kutoka kwenye udongo. Akanipita kwa macho. Akampita Dativa. Akaigeukia pikipiki, kile kiti kilicholowa, na matope yakimtiririka usoni, akatabasamu. Nikamrukia nimzibe mdomo. Sikuwahi. Hakumuaga. Alimwita, kwa sauti ile ile ya zamani, ya mama aliyekwisha pakua na mtoto bado yuko nje:

"Mutembei!"